Jinsi ya kuandaa maonesho ya picha yatakayofurahiwa na kila mtu: mwongozo kamili kwa walioko Moshi na Arusha

Watu wengi wanaoandaa maonesho ya picha huku kwetu wana nia njema. Wanaweka njia ya mteremko mlangoni, wanaalika chama cha wasioona, wanaandika kwenye tangazo kwamba wote mnakaribishwa. Siku ikifika, mgeni asiyeona anaketishwa karibu na mlango, anapewa soda, anasikiliza hotuba za viongozi, anarudi nyumbani. Ukuta mzima ulikuwa na picha na hakukutana hata na moja. Mama wa kiti mwendo ameingia bila shida, lakini picha zimetundikwa juu ya macho yake na taa inamrudishia mng'ao tu. Bibi aliyetoka Majengo na mjukuu wake amekuta maelezo yote kwa Kiingereza.

Swali linarudi kila msimu: tulikosea wapi? Karibu kila mara jibu ni kwamba kazi iliishia mlangoni. Mimi napima hivi: maonesho yamemfikia mgeni pale anapoondoka na maoni yake mwenyewe kuhusu picha fulani. Hata akisema haikumpendeza, amekutana nayo.

Mwongozo huu ni wa maonesho madogo: ukumbi mmoja, picha kumi hadi kumi na tano, kikundi cha watu watano au sita, maandalizi ya wiki sita. Shule, kanisa, msikiti, kikundi cha vijana au mchoraji mmoja mwenye marafiki wa kumsaidia mnaweza kuufuata.

## Vifaa vya kutafuta kwanza

Vingi utavipata stesheneri na duka la vifaa vya ujenzi.

- Futikamba ya mita 5, pima maji, misumari, kamba imara ya kutundikia
- Tepu ya karatasi ya rangi inayoonekana sakafuni
- Karatasi za manila, maboksi magumu, mkasi na kisu cha kukatia karatasi
- Gundi nyeupe ya mbao
- Msasa laini na msasa mkali, kamba ya katani, vipande vya kanga, pamba, uzi mnene
- Makapeni meusi na karatasi za rangi ya krimu kwa maelezo
- Simu yenye kinasa sauti kizuri, spika ndogo mbili au tatu zinazotumia memori kadi, hedifoni
- Meza mbili au tatu zenye nafasi ya magoti chini yake
- Mabenchi au viti vyenye egemeo
- Mbao au plaiwudi nene ya kutengenezea rampu, kama ukumbi una ngazi
- Fedha ya nauli na posho ya washauri, na malipo ya mkalimani wa lugha ya alama

Hicho cha mwisho ndicho huachwa nje ya bajeti. Kiandike mwanzoni kabisa, kabla ya fulana na mabango.

## Hatua ya 1: Pata washauri kabla hujachagua ukumbi

Unahitaji watu watatu kwa uchache: mmoja asiyeona au mwenye uoni hafifu, mmoja anayetumia kiti mwendo, mmoja kiziwi. Ukipata wa nne mwenye ualbino, au mzazi wa mtoto mwenye usonji (autism), utajifunza zaidi.

Anzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii na Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Vyama navyo vipo: Chama cha Wasioona Tanzania (TLB), Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), na shirikisho lao SHIVYAWATA. Walioko Moshi wanaweza kuzungumza na walimu wa Shule ya Msingi Mwereni, ambako wanafunzi wasioona husoma pamoja na wenzao wanaoona. Mwalimu anayejua nukta nundu (breli), yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, ni hazina katika kazi hii.

Ukiandika barua ya kuomba ukumbi, taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu hicho kinazungumzia haki ya kushiriki katika maisha ya utamaduni. Barua inayotaja sheria husomwa kwa makini kuliko barua inayoomba huruma.

Kwa nini mapema: mshauri akiletwa wiki ya mwisho, kila kitu kimeshapigwa misumari. Atasema "ni sawa tu" kwa adabu, nawe utaamini.

Tahadhari: walipe. Mtu anayepanda daladala mbili kutoka Himo kuja kukufundisha kazi yako anafanya kazi.

Utajua umefaulu ikiwa kuna jambo kubwa katika mpango wako limebadilika baada ya kuwasikiliza. Kama hakuna kilichobadilika, hukuwasikiliza.

## Hatua ya 2: Pima ukumbi kwa futikamba, usikadirie

Nenda ukumbini na mshauri wa kiti mwendo. Anzeni pale daladala inaposhusha watu, msianzie getini. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wetu huu unageuka utelezi, na mita ishirini za tope zinatosha kumrudisha mtu nyumbani.

Vipimo vya kuandika:

Mlango uwe na upana wa sentimita 80 kwa uchache, 90 ni bora. Njia kati ya meza na ukuta iwe sentimita 90 au zaidi. Kila kona inayohitaji kugeuka iachie duara la sentimita 150.

Rampu: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka rampu ya sentimita 180. Ngazi mbili za namna hiyo zinataka mita 3.6. Mafundi wengi watakutengenezea fupi zaidi ili kuokoa mbao, na rampu fupi ni ya hatari: kiti kinarudi nyuma. Mwambie seremala aweke kingo pembeni za angalau sentimita 5, na juu ya mbao apake rangi iliyochanganywa na mchanga ili gurudumu lishike.

Choo usikisahau. Mara nyingi kiko nyuma ya jengo, kina ngazi yake, na mlango wa sentimita 60. Kama hakifai na hakiwezi kurekebishwa, tafuta ukumbi mwingine. Mgeni asiyeweza kwenda choo hatakaa zaidi ya dakika kumi, na hatakuambia sababu.

Utajua umefaulu mshauri wako akiweza kutoka kituoni, kuingia, kuzunguka, kwenda choo na kurudi bila kuinuliwa na mtu.

## Hatua ya 3: Chagua kazi chache, na zingine ziwe za kugusika

Picha kumi zilizoandaliwa vizuri zinazidi arobaini zilizojazwa ukutani. Kila picha itahitaji maelezo ya sauti, maandishi makubwa na mtu anayeijua, kwa hiyo kila unayoongeza ni kazi.

Weka angalau kazi tatu ambazo mikono inaruhusiwa kuzishika zenyewe. Vinyago vya Kimakonde vya mpingo vinafaa sana. Mpingo ni mgumu, hauharibiki kwa kushikwa, na kinyago cha ujamaa, kile chenye watu waliopandana kutoka chini hadi juu, kimejengwa kana kwamba kilisubiri mkono: unaanzia kwenye msingi, unapanda mtu kwa mtu, unagundua mgongo wa mmoja ndio sakafu ya mwingine. Batiki nayo inafaa, ukiweka kipande kimoja cha mfano karibu na kazi iliyotundikwa.

Picha za rangi ya mafuta usiruhusu ziguswe. Jasho na mafuta ya vidole huharibu rangi polepole. Hizo zitatengenezewa nakala ya kugusika katika hatua ya 6.

Picha za Tingatinga zinataka uangalifu wa namna nyingine. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo huo Dar es Salaam mwaka 1968, rangi yake imekuwa ile ya kung'aa, aina inayopakwa baiskeli. Mng'ao huo ni uzuri wake, lakini taa ikiwekwa vibaya mtu aliyeketi anaona mwanga mweupe tu badala ya chui.

## Hatua ya 4: Tundika, angaza, andika

Kitovu cha picha, yaani katikati yake, kiwe sentimita 130 kutoka sakafuni. Macho ya mtu mzima aliyeketi kwenye kiti mwendo yako takriban sentimita 110 hadi 125. Aliyesimama atashusha macho kidogo tu, na watoto wa shule watakushukuru. Piga mstari kwa pima maji ukuta mzima kabla ya kupiga msumari wa kwanza.

Kitu chochote kinachojitokeza ukutani zaidi ya sentimita 10, kama rafu au kisanduku, kiwe na sehemu inayofika chini karibu na sakafu. Fimbo nyeupe hugundua kilicho chini. Rafu iliyoning'inia usawa wa kifua haigunduliwi mpaka impige mtu.

Mwanga usitoke dirishani nyuma ya picha. Angalia ukumbi asubuhi na jioni, kwa sababu jua linahama na picha iliyokuwa nzuri saa tatu asubuhi inaweza isionekane saa kumi. Kaa kwenye kiti, tazama kila picha kutoka chini, na sogeza taa mpaka mng'ao uondoke. Watu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza macho, hivyo acha sehemu yenye kivuli tulivu, ruhusu watu wasogee karibu kabisa na picha, na asiwepo mtu wa kuwaambia wavue kofia au miwani ya jua ndani ya ukumbi.

Maelezo ya maandishi: Kiswahili kwanza, Kiingereza chini kama unakihitaji. Herufi nyeusi zisizo na mikia, yaani zisizo na vijistari kwenye ncha zake, ukubwa wa pointi 24, kwenye karatasi ya krimu, kwa sababu nyeupe kali inang'aa. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa. Maneno yanakuwa kuta. Maneno 60 kwa picha yanatosha. Tumia sentensi fupi, kwani kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili.

Ondoa kabisa misamiati ya wasomi wa sanaa. "Msanii anahoji utambulisho wa baada ya ukoloni" haimsaidii mtu yeyote kuona picha. Mwambie mgeni mahali pa kuanzia kutazama.

Nukta nundu iandikwe kwenye karatasi nene, iwekwe mezani au apewe mtu mkononi. Ukiibandika ukutani wima, kifundo cha mkono kinapinda na kusoma kunachosha. Isomwe na msomaji wa nukta nundu kabla ya kufungua maonesho, kwa sababu kosa la nukta moja linabadilisha herufi. Na usidhani nukta nundu imemaliza kazi: waliopoteza uoni ukubwani wengi hawaisomi. Hao wanahitaji sauti.

## Hatua ya 5: Andika na kurekodi maelezo ya sauti

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo twende taratibu.

Kumweleza mtu picha asiyoiona ni ufundi. Wanaojaribu mara ya kwanza huanguka upande mmoja kati ya miwili. Wengine husema "ni picha nzuri sana ya mama shambani" na kunyamaza. Wengine hutaja kila jani. Wa kwanza hajatoa kitu, wa pili amemzamisha mgeni.

Fuata mpangilio huu.

Kwanza, kitu chenyewe. Ukubwa, rangi iliyotumika, kimechorwa juu ya nini. Msikilizaji ajue kama anakutana na kitu cha kushika mkononi au cha kujaza ukuta.

Pili, picha nzima kwa sentensi moja au mbili. Wapi, wakati gani, nani yupo, anafanya nini.

Tatu, zunguka kwa utaratibu. Chagua njia moja, mathalani kutoka mbele kwenda nyuma, na usiruke. Ukirukaruka, ramani inavurugika kichwani mwa msikilizaji.

Nne, jambo linalofanya picha hii iwe picha. Kile ambacho jicho hukutana nacho na kushindwa kukiacha.

Rangi zitaje. Watu wengine huziacha kwa kudhani wanamhurumia asiyeona. Wengi waliwahi kuona, na hata asiyewahi kuona anajua kanga nyekundu ina uzito gani kwenye harusi na nyeusi ina uzito gani msibani.

Usitumie mishale ya saa kuonesha mahali. Miongozo ya kigeni husema "saa tatu" kwa maana ya kulia. Kwetu saa tatu mshale mfupi uko kwenye tisa, upande wa kushoto. Nusu ya wasikilizaji wako watageuka vibaya. Sema kulia, kushoto, juu, chini, karibu, mbali.

Huu ni mfano wa maelezo ya picha ya kufikirika ya mashamba ya juu ya Moshi:

*"Picha hii ina upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 60. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa. Ni asubuhi, nyuma ya nyumba, na mwanamke wa makamo anaanika kahawa. Amesimama kushoto kidogo ya katikati, tunamwona ubavuni, ameelekea kulia. Mbele yake kimeanza kichanja cha waya kinachokwenda hadi ukingo wa kulia wa picha. Kiganja chake kimefunguka juu ya kahawa ya maganda, rangi ya krimu iliyofifia. Kanga yake ni nyekundu, na hakuna rangi nyingine kali popote. Nyuma yake, kushoto, migomba mitatu. Majani yamechanwa na upepo. Juu kabisa, mbali, ni mlima: Kibo kushoto, mpana, kilele bapa chenye theluji kidogo, Mawenzi kulia, mfupi zaidi, wenye meno. Mlima umepakwa bluu na kijivu nyepesi, karibu upotelee mawinguni. Mwanamke hautazami. Kichanja kimechukua nafasi kubwa kuliko mlima."*

Angalia sentensi mbili za mwisho. Hazisemi mwanamke ni mchapakazi, wala kwamba mchoraji anamheshimu mkulima. Zinampa msikilizaji kile anachokiona mwenye macho, kisha zinamwacha aamue. Ukimpa hitimisho umemnyang'anya nusu ya raha.

Mpe mshauri asiyeona rasimu. Muulize swali hili: "Hebu nieleze wewe picha hii." Akikueleza mwanamke amegeukia kushoto, tatizo liko kwenye maandishi yako, rekebisha.

Kisha rekodi. Chumba chenye mapazia na nguo ni bora kuliko ukumbi mtupu. Dakika mbili kwa picha, tatu ikizidi. Sauti ya mazungumzo, siyo ya kusoma taarifa ya habari. Hifadhi kwenye memori kadi, uziweke katika spika ndogo au simu ya kitochi moja kwa kila kundi la picha, na faili zipewe majina ya namba. Msimbo wa kuskani kwa simu janja uwepo kwa wanaoutaka, lakini usiutegemee: mgeni wako anaweza kukosa simu janja, kukosa bando, au umeme ukakatika na mtandao ukalegea. Chaji kila kitu usiku wa kuamkia ufunguzi.

Utajua umefaulu ukimkuta mtu anayeona amevaa hedifoni, amesimama mbele ya picha aliyokuwa ameshaipita.

## Hatua ya 6: Tengeneza nakala ya kugusika

Picha mbili au tatu zinatosha kwa maonesho ya kwanza. Mwaka 2015 makumbusho ya Prado, Madrid, yaliweka nakala za kugusika za picha sita mashuhuri, na wageni wanaoona walipewa miwani ya kuziba macho ili nao waguse. Teknolojia yao ni ya gharama, lakini kanuni inafanyika kwa boksi, msasa na gundi.

1. Punguza. Picha yenye vitu hamsini ibaki na vitano hadi saba. Kwa ile ya kahawa: mwanamke, kichanja, mgomba mmoja badala ya mitatu, Kibo, Mawenzi. Kidole hakiwezi kufanya kazi ya jicho la kurukaruka. Kinasoma kitu baada ya kitu.

2. Chora mistari kwenye manila ya ukubwa wa A3. Ni ukubwa ambao mikono miwili inaufikia wote bila mtu kunyanyuka.

3. Panga kimo. Kilicho karibu kiwe na tabaka tatu za boksi, cha katikati mbili, cha mbali moja. Mkono unaelewa umbali kwa unene.

4. Kila kitu kiwe na ngozi yake. Kanga iwe kipande cha kanga. Kahawa iwe msasa mkali. Mgomba uwe katani. Theluji ya Kibo iwe pamba iliyobanwa kwa gundi. Ngozi moja isitumike kwa vitu viwili, la sivyo mtu atadhani kahawa imepanda mlimani.

5. Acha nafasi. Kati ya kitu na kitu kuwe na milimita 3 au zaidi. Chini ya hapo ncha ya kidole inavichukulia kuwa kitu kimoja.

6. Acha ikauke vizuri. Usiku mmoja unatosha miezi ya joto. Juni na Julai, ukungu ukishuka, ipe siku mbili, kisha jaribu kung'oa kila kipande kwa kucha. Kinachong'oka kwako kitang'oka kwa mgeni wa kwanza.

Sasa jambo linalowashinda hata walimu wa sanaa: kina cha picha. Mchoraji akichora barabara inayokwenda mbali, kingo zake hukaribiana mpaka zikutane. Jicho lililozoea picha linasoma umbali. Kidole kinasoma pembetatu. Ukikuta barabara, reli au kichanja cha namna hiyo, kichore upya kama kinavyoonekana kutoka ubavuni, na ueleze kwenye sauti kwamba mchoraji alikichora kikififia kwenda mbali. Hali kadhalika mtu aliyefichwa nusu na mti: kwa mkono huyo ni nusu mtu. Msogeze pembeni awe mzima.

Mlima wetu ni somo zuri la kuanzia. Mtu aliyezaliwa Uru bila kuona anaweza kulisikia jina la Kibo kila siku ya maisha yake na asielezwe kamwe umbo lake. Kata Kibo kwa boksi, mpana na bapa juu, kisha Mawenzi mwenye kingo za kuchongoka. Uwiano uutunze: Kibo ni mita 5,895 na Mawenzi mita 5,149, na tofauti hiyo mkono unaipata mara moja. Ukitazama kutoka Moshi Kibo uko kushoto. Mchoraji aliyeutazama mlima kutoka upande wa Kenya atakuwa ameugeuza, kwa hiyo fuata picha, usifuate mazoea.

Unaweza kuweka bakuli la kahawa ya maganda pembeni, ya kushika na kunusa. Weka tu kile kilichomo kwenye picha. Meza iliyojaa viungo, manyoya na magome yasiyohusika inakuwa mchezo wa kubahatisha, na picha inasahaulika.

Tahadhari: usijipime mwenyewe kwa kufumba macho. Tayari unaijua picha, kumbukumbu yako inakujazia. Mpime mtu asiyewahi kuiona.

Utajua umefaulu mgeni akigusa kimya, kisha akauliza swali kuhusu picha: kwa nini huyu mama hautazami mlima? Akiuliza "hiki ni nini?" kwa kila kipande, rudi kwenye namba 1, punguza.

## Hatua ya 7: Fundisha waongozaji

Vijana wawili au watatu wanatosha. Wafundishe salamu kabla ya sanaa. Mgeni asiyeona asivutwe mkono. Mwongozaji anasogea, anasalimia, anajitaja: "Shikamoo bibi, naitwa fulani, niko upande wako wa kulia. Ungependa kushika kiwiko changu tukatazame picha?" Neno "tazama" litumike kama kawaida; wasioona wenyewe hulitumia.

Wasimsemeshe msindikizaji badala ya mgeni. "Anapenda picha gani?" huku mwenyewe yupo hapo ni utovu wa adabu.

Kwenye meza ya kugusa, mwongozaji anaomba pete na saa zivuliwe, anaonesha mahali pa kuanzia, kisha ananyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi kufundisha. Kiti mwendo kisisukumwe bila kuombwa.

Mkalimani wa lugha ya alama asimame pembeni ya picha, mwanga ukimwangukia usoni, viziwi waweze kuhamisha macho kati yake na picha kwa urahisi. Mpe maelezo ya picha siku tatu kabla, kwa kuwa majina ya wachoraji na maneno ya ufundi yanahitaji maandalizi. Kama ziara itazidi nusu saa, wawe wakalimani wawili wapokezane. Na mwongozaji akimaliza kueleza asubiri: kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na picha kwa wakati mmoja, mpe nafasi ya kugeuka na kutazama.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Siku moja kabla, waite washauri wote wapite kama wageni. Hilo ndilo jaribio la mwisho, na bado mna usiku mmoja wa kurekebisha.

Tenga saa moja ya asubuhi isiyo na muziki, vipaza sauti wala hotuba. Itangaze wazi kuwa saa ya utulivu. Familia zenye watoto wenye usonji zitakuja saa hiyo, na wazee wengi pia. Hotuba za wageni rasmi zipeleke mchana, zisizidi dakika kumi na tano kwa jumla. Waliokuja kuona picha wasigeuzwe hadhira ya viongozi.

Weka mabenchi mbele ya picha, siyo kwenye kona. Mzee aliyeketi mbele ya picha anaitazama. Aliyeketi kona anasubiri wenzake wamalize.

Tangazo nalo liwafikie watu kwa njia zao: redio za mkoa kwa wasioona, video fupi ya lugha ya alama inayotumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya viziwi, tangazo la mdomo baada ya ibada. Liseme mambo halisi: kuna rampu, choo kinafikika, kuna picha za kugusa, kuna mkalimani saa fulani. "Wote mnakaribishwa" peke yake haimwambii mtu kama safari yake kutoka Sanya Juu itakuwa na maana.

Mlangoni kusiwe na daftari la sahihi tu. Mpe mtu mmoja kazi ya kuuliza kila anayetoka: picha gani utaikumbuka, na kwa nini? Anaandika jibu kama lilivyosemwa. Anayetumia lugha ya alama anamjibu kupitia mkalimani. Ukikuta majibu ya wageni wasioona yanataja picha moja tu, ile ya kugusa, ujue maelezo ya sauti ya nyingine yanahitaji kuandikwa upya. Wakijibu "maonesho yalikuwa mazuri, ahsanteni", hawakukutana na picha.

## Baada ya kufunga

Nakala za kugusika zifungwe kwenye maboksi zikiwa zimesimama, zisilaliane, maana uzito unabonyeza nukta nundu na pamba. Ziazime shule yenye wanafunzi wasioona mpaka maonesho yajayo. Huko zitatumika, na zitakuonesha mahali gundi ilipo dhaifu. Rekodi za sauti gawa bure kwa yeyote anayezitaka.

Wapigie washauri wiki hiyo hiyo, wangali wanakumbuka. Muulize kila mmoja kitu kimoja cha kuondoa na kimoja cha kuongeza, uandike, na ukianza kuchagua picha za mwaka ujao wawe wamekaa nawe mezani.